Mkapa, Uhuru, Chamazi au Uwanja wa Mtaani: Uende Wapi Kutazama Mpira Temeke?

Temeke ina neema ambayo wilaya nyingine za Dar es Salaam hazina. Simba na Yanga makao yao yako Kariakoo, moja Msimbazi na nyingine Jangwani, lakini mechi zao kubwa kuliko zote huchezwa Temeke. Azam FC ni ya Temeke kabisa, imejijenga Chamazi na haijahama. Halafu kuna viwanja vya mitaani, Tandika hadi Mbagala, ambako kila jioni mpira unapigwa bila tangazo lolote redioni.

Mwenye jioni moja ya mapumziko na nauli ya kwenda na kurudi hujikuta amekwama. Aende Kwa Mkapa kwenye shamrashamra? Asogee Chamazi? Asubiri Uhuru ipangiwe mechi? Au atoke tu hapo nyuma ya nyumba akaangalie ndondo, mpira wa timu za mtaa? Mimi naona swali la kwanza si uwanja upi mkubwa au upi mzuri. Jiulize unakwenda kutafuta nini, na saa ngapi utakuwa umerudi nyumbani. Ukishajibu hayo mawili, uwanja unajichagua wenyewe.

Nimelinganisha kwa mambo matano: mechi utakazozikuta, utaonaje mchezo, kufika na kurudi, tiketi na mlangoni, na usalama ukiwa na mtoto au mzee. Bei za tiketi hutangazwa mechi kwa mechi na timu mwenyeji, kwa hiyo nazungumzia ngazi za viti, siyo shilingi.

Mechi utakazozikuta

Benjamin Mkapa ndiyo nyumba ya Taifa Stars, timu yetu ya taifa, na ya usiku wa Afrika. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000, ukaitwa Uwanja wa Taifa hadi mwaka 2020, alipofariki Rais mstaafu Benjamin Mkapa na ukapewa jina lake. Wengine wanauita Lupaso, kijiji alikozaliwa. Brazil ya Kaka na Robinho ilikuja kucheza hapa Juni 2010 na kushinda 5-1. Machi 2019 Stars iliifunga Uganda 3-0 hapa na kurudi AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39. Al Ahly, mabingwa wa mabingwa, walipigwa 1-0 na Simba mwaka 2019, na 1-0 tena mwaka 2021, ndipo msemo wa "Kwa Mkapa hatoki mtu" ukaota mizizi. Agosti 2025 CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilifunguliwa papa hapa kwa Stars kuifunga Burkina Faso 2-0. Ukienda Mkapa, kwa kawaida unakwenda kwenye jambo: dabi ya Simba na Yanga, mechi ya CAF (shirikisho la soka Afrika), sherehe za klabu kama Simba Day na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, au timu ya taifa.

Uhuru uko jirani kabisa, ukuta kwa ukuta. Huu ndio Uwanja wa Taifa wa zamani, na wazee wa mjini wanauita Shamba la Bibi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa hapa. Novemba 1993 Simba ilipoteza hapa fainali ya Kombe la CAF mbele ya Stella Abidjan, 2-0, na wapo watu wazima ambao mpaka leo hawapendi kuzungumzia siku ile. Baada ya Mkapa kujengwa, Uhuru ulibaki na watu wapatao 23,000 na kazi za kati: mechi za ligi ambazo hazijazi uwanja mkubwa, riadha, sherehe za taifa. Rais Magufuli aliapishwa hapa Novemba 2015. Serikali ilipozifungia Simba na Yanga kutumia uwanja mkubwa Oktoba 2016, baada ya viti kung'olewa kwenye dabi, Uhuru uliwapokea, na Oktoba 2017 dabi yenyewe ilichezwa pale. Ila miaka ya karibuni umekuwa kwenye ukarabati mkubwa, kwa hiyo usiende kwa mazoea. Angalia kwanza kama kuna mechi imepangwa.

Chamazi, yaani Azam Complex, ni uwanja wa klabu yenyewe, na katika ligi yetu klabu yenye uwanja wake ni nadra. Unachukua watu 10,000 hivi. Ukienda utakuta Azam, Wanalambalamba, wakicheza ligi wiki hadi wiki, na mara nyingi usiku chini ya taa. Timu ambayo mwaka 2014 ilibeba ubingwa wa ligi bila kupoteza mechi hata moja imejengwa hapa, na akademi yake iko hapo hapo. Na wakubwa nao wanapita. Mwaka 2023, Yanga na Simba zote zilicheza Chamazi mechi zao za awali za Ligi ya Mabingwa Afrika, na Yanga iliufanya uwanja wake wa nyumbani kwa muda kabla ya kuuacha mwishoni mwa 2024. Hapa ndipo watu wengi wanapotea njia: wanadhani timu fulani bado inacheza Chamazi, kumbe imehamia KMC Complex ya Mwenge, ambayo iko Kinondoni. Ratiba ya ligi huandika uwanja. Isome hadi mwisho wa mstari.

Uwanja wa mtaani hauna ratiba ya Bodi ya Ligi. Una ndondo. Ndondo Cup ilipoanza mwaka 2014 iliwapa watu jina la kitu walichokuwa wanakifanya siku zote: timu ya mtaa dhidi ya timu ya mtaa, wachezaji wachache wa ligi wamejichanganya humo, heshima ya mtaa mzima iko mezani. Mbwana Samatta ni mtoto wa Mbagala. Kabla ya TP Mazembe, kabla ya Genk, kabla ya kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa mwaka 2020, alipita African Lyon, klabu ambayo zamani iliitwa Mbagala Market. Anayesema viwanja vya mitaa ya Temeke ni vya kupotezea muda, hajui wachezaji wetu wanatoka wapi.

Utaonaje mchezo

Hapa tofauti ni kubwa, na watu huwa hawaifikirii kabla ya kulipa.

Mkapa una njia ya riadha inayozunguka nyasi. Ukikaa mzunguko, viti vya bei ya chini, nyuma ya goli, mpira wa upande wa pili utauona kwa kukisia, na utajua ni goli kwa kelele za wenzako. Ukikaa juu katikati, unaona picha nzima: jinsi beki wa pembeni anavyopanda, jinsi kiungo anavyoachia nafasi nyuma yake. Kwa anayependa mbinu, ngazi ya juu ya katikati inamfaa kuliko kiti cha chini kilicho karibu na mstari. Tatizo la Mkapa ni siku ambayo watu ni wachache. Mashabiki elfu tatu ndani ya viti elfu sitini, sauti inapotea na mechi inapooza hata kama mpira ni mzuri. Uwanja ule unahitaji kujaa. Ukijaa, hakuna kitu nchini kinachofanana nao: paa linarudisha kelele chini, na timu ngeni inaonekana kabisa kupoteza utulivu dakika kumi za mwanzo.

Uhuru nao una njia ya riadha, kwa hiyo umbali na nyasi uko palepale. Tofauti ni kwamba majukwaa ni mafupi. Watu elfu kumi wakiingia, uwanja unaonekana una watu.

Chamazi hauna njia ya riadha, na hilo peke yake linabadilisha kila kitu. Ukikaa karibu na benchi la ufundi unasikia kocha anavyomkaripia winga wake asirudi nyuma. Unasikia kipa akipiga kelele "Toka! Toka!" na mabeki wakipanda mstari mmoja. Unasikia buti likigusa buti kabla filimbi haijalia. Mtu anayefundisha watoto mpira, au kijana anayetaka kujua mchezaji wa ligi hufanya nini wakati hana mpira, atajifunza zaidi Chamazi kwa mechi moja kuliko Mkapa kwa msimu mzima. Hayo nayasema kwa uhakika.

Mtaani unasimama kwenye mstari wenyewe. Kona ikipigwa upande wako, mpigaji anawaomba mrudi nyuma apate nafasi ya kukimbilia mpira, na mnarudi hatua mbili, akishapiga mnasogea tena. Vumbi utalila. Mchezaji akikosa goli la wazi, anasikia maoni ya mama wa genge aliyemjua tangu anatambaa. Lakini kiwango hakitabiriki: leo unaona nusu fainali ya kusisimua, kesho unakuta timu moja ina watu tisa na mwamuzi amechelewa.

Kufika na kurudi

Mkapa na Uhuru ni safari moja. Kutoka Ubungo unapita Barabara ya Mandela kwa Buguruni na Tazara. Ukitokea mjini kuna daladala za Temeke, na ukiwa Barabara ya Kilwa unashuka Uhasibu, unatembea. Kwenda si kazi. Kazi ni kutoka. Baada ya mechi iliyojaa, barabara zote zinazouzunguka uwanja hufunga, bodaboda wanapandisha nauli, na daladala zinajaa kabla hazijasimama. Wazoefu huwa wanatembea. Wanatoka na umati hadi mbele kidogo, nje ya mkwamo, ndipo wanatafuta usafiri. Ukiwa na miguu mizima, fanya hivyo. Usikae kituoni karibu na geti ukisubiri muujiza.

Chamazi ni kinyume chake: kwenda ni mbali, kutoka ni rahisi kidogo. Unafika Mbagala Rangi Tatu, siku hizi hata kwa mwendokasi, kisha unachukua gari za kuelekea Mbande. Anayetoka Tegeta au Kimara ajue anavuka jiji zima. Mechi ikianza saa 3:00 usiku, filimbi ya mwisho inakukuta karibu saa 5:00, na hapo hesabu ya kurudi lazima uwe umeipiga mapema. Kwa wa Mbagala, Kongowe na Chamazi yenyewe, huu ni uwanja wa kwenda kwa bajaji na kurudi kabla chakula hakijapoa.

Mtaani unatembea kwa miguu, basi.

Tiketi na mlangoni

Mkapa una ngazi nyingi: mzunguko ndio wa bei ya chini, kisha viti vya rangi ya chungwa, kisha VIP C, B na A. Pengo kati ya mzunguko na VIP A ni kubwa sana, na ushauri wangu ni kwamba kama hutaki mzunguko, ngazi inayofuata tu inatosha kukupa mwonekano mzuri. Kuingia ni kwa N-Card, ile ile wanayotumia watu wa kivuko cha Kigamboni. Nunua kadi na uweke tiketi siku kadhaa kabla. Siku ya mechi kubwa foleni ya kadi huwa ndefu, na walanguzi wa nje watakuahidi chochote. Uhuru, ukiwa na mechi, ngazi ni chache na msongamano ni mdogo zaidi.

Chamazi ngazi ni chache na mlango unaeleweka. Shida yake ni udogo: Azam ikicheza na Simba au Yanga, elfu kumi hujaa mapema, na aliyefika akitegemea kukata tiketi getini anaweza kuishia kibanda umiza cha jirani akisikia kelele za uwanja kupitia ukutani.

Ndondo, mara nyingi hakuna kiingilio, au ni kidogo mno. Kuanzia robo fainali watu huwa wengi, ukichelewa utatazama migongo.

Ukiwa na mtoto au mzee

Hili linastahili kusemwa waziwazi. Mei 2023, kabla ya Yanga kucheza na USM Alger fainali ya Kombe la Shirikisho, shabiki mmoja alifariki na wengine kujeruhiwa kwenye msukumano Kwa Mkapa. Machi 2021, watu waliokwenda Uhuru kumuaga Rais Magufuli walikanyagana, na Polisi walitaja vifo 45. Majukwaa yenyewe hayakuwa na kosa. Hatari ilikuwa kwenye umati mkubwa unaotaka kupita mahali padogo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kanuni ya viwanja hivi viwili siku ya kujaa ni moja: ingia mapema, saa tatu au nne kabla ikibidi, na ukiona geti limesongamana usijisukume, rudi nyuma. Mtoto chini ya miaka minane, kwa mtazamo wangu, asipelekwe kwenye dabi. Mpeleke Mkapa siku ya mechi ya ligi ya kawaida, akimbie kwenye ngazi, ajue uwanja, dabi ataikuta akikua.

Chamazi ndio uwanja wa familia hasa katika mechi za kawaida za Azam. Watu wanakaa, jukwaa kuu lina paa, na mtoto anawaona wachezaji kwa sura zao. Mzee mwenye magoti mabovu naye hapandi ngazi nyingi. Mvua ikinyesha, nje ya jukwaa kuu utalowa.

Mtaani watoto wamejaa tayari, ndiko kwao. Tahadhari ni mechi za fainali zenye upinzani wa mtaa na mtaa. Simama upande ulio wazi, na mambo yakianza kuchemka ondoka bila kusubiri kuona mwisho.

Kila kimoja kinamfaa nani

Mkapa unamfaa anayetaka kuwa sehemu ya umati, aimbe, avae jezi, akose sauti kesho yake. Uhuru unamfaa anayependa historia na riadha, na shabiki anayefuata timu yake popote inapopangiwa. Chamazi unamfaa anayependa mchezo wenyewe kuliko shamrashamra zake, pamoja na familia. Ndondo inamfaa mwenye mfuko mwepesi, msaka vipaji, na yule ambaye mpira kwake ni majirani.

Kulingana na hali yako

Umetoka mkoani na una siku moja tu Dar: kama Stars au mechi ya CAF ipo, nenda Mkapa hata kama kiti ni cha mzunguko. Kama hakuna mechi kubwa siku hiyo, usiende Mkapa kwa ajili ya jina tu. Nenda Chamazi.

Unatafuta dabi ya kwanza maishani mwako: Mkapa, na kaa upande wa mashabiki wako. Watani wa jadi wana utani wao, lakini jezi ya kijani ya Yanga katikati ya wekundu wa Simba dakika ya tisini si utani tena. Usiweke miadi nyingine jioni ile.

Una mtoto anayesoma mpira, yuko kwenye timu ya shule: Chamazi mara kadhaa kwa msimu, mwambie achague mchezaji mmoja wa namba yake amfuatilie bila kuangalia mpira. Jumapili mpeleke ndondo aone wenye umri wa kaka yake wanavyopambana.

Unafanya kazi hadi jioni na unaishi kaskazini mwa jiji: mechi ya usiku ya Chamazi itakuchosha. Subiri ya Mkapa ya wikiendi, au angalia kama timu yako ina mechi KMC Complex, ni nje ya Temeke lakini ni jirani yako.

Unapanga kwa ajili ya AFCON 2027, tutakayoandaa pamoja na Kenya na Uganda: zoea Mkapa kuanzia sasa. Jua geti lako, jua unapotokea, jua pa kutembea hadi kupata gari. Na fuatilia taarifa za nyasi, maana mwaka 2025 CAF iliufungia uwanja huo kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea, na Simba ikalazimika kucheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane Zanzibar. Maelfu waliokuwa wameshapanga safari ya Temeke ilibidi wapande boti.

Huna hela kabisa wiki hii: saa kumi jioni, kiwanja cha mtaani kwenu. Fika mapema usimame karibu na kona.